Mtumbwi Uliofungwa kwa Mafunjo

"Kwa nini watu wa hapa ziwani," jirani mmoja mgeni aliwahi kuuliza, "wakimwona mtu amestarehe kabla ya wakati, humwambia: Mtumbwi uliofungwa kwa mafunjo haujafika?" Nanyi vijana mmelisikia neno hilo leo, mmeuliza vivyo hivyo. Basi kaeni. Methali hii ilizaliwa hivi.

Palikuwa na mvuvi aliyeitwa Ochola, mwana wa pekee wa mjane Abigael. Katika nyumba ya mama huyo alipanga Murage, kijana wa milimani, aliyekuja kujifunza uvuvi naye kuogelea hajui kabisa. Vuli ilipoanza, Ochola alimchukua kwenda kuvua besi, wale samaki wa midomo mipana wanaopenda kujificha kivulini mwa mafunjo.

Sasa, mafunjo ya ziwa lile yana hila. Mengine yameshika udongo. Mengine yamekatika, yanaelea kisiwa kizima, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Ndiyo maana wavuvi walikuwa na desturi: kabla ya kufunga mtumbwi, choma upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, katikati ya majani. Ukigonga udongo, funga. Ukizama tu, ondoka.

Ochola hakuchoma.

"Jana nilifunga hapa hapa," alisema akikaza fundo. "Weka chambo, mtu wa milima. Acha kukodoa macho kama mbuzi mnadani."

Murage alicheka, maana mwenyeji wake amecheka. Besi wakala vizuri. Alasiri upepo ukaamka. Upande wa kushoto palikuwa na mti mkavu, na Murage alikuwa ameuzoea. Alipoinua macho tena, mti ulikuwa nyuma yao. Akautazama bila kupepesa. Mti ulikuwa unaondoka. La, mti umesimama. Wao ndio waliokuwa wanakwenda.

"Kaka Ochola, tunatembea."

"Kamba imekaza, tutatembeaje?"

Kamba kweli ilikuwa imekaza. Mafunjo yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanakwenda nao. Mbele yao ukuta mwingine wa mafunjo ulikuwa umesimama kimya, nao wanapelekwa kwake, na maji ya katikati yanazidi kuwa membamba. Ndipo maji hayo yakatoa pumzi, pumzi nzito, yenye harufu ya majani yaliyooza. Kiboko jike, na mgongoni pake ndama.

Ochola hakuwa na mzaha tena. Alilivamia fundo kwa kucha, likakataa.

"Kata!" Murage alinong'ona.

"Usipige kelele, atatusikia."

"Ameshatusikia, kaka!"

Murage alichukua kisu cha kuparia samaki, akatambaa kwa tumbo juu ya besi wanaorukaruka, akakata. Wakajivuta kwa mikono, wakishika majani shina kwa shina, kuelekea upenyo uliobaki mdogo kama mlango wa banda la kuku. Walipopita, kiboko akaibuka nyuma yao akauma ukingo wa mtumbwi, ubao ukavunjika kama muwa. Kisha mafunjo yakakutana, yakafunga pale walipokuwa.

Ochola akapiga kafi. Murage akachota maji kwa kofia yake, akimwita Mungu kwa kila kofia. Walifika ufukweni maji ndani ya mtumbwi yakiwa magotini.

Jikoni, Mama Abigael aliwafunika mablanketi, akaendelea kupuliza moto. Ochola alipopata joto, maneno yakamrudia.

"Mama, tulikuwa tumefika. Tumefunga vizuri kabisa, tunavua kwa raha zetu. Ghafla ziwa likatugeuka."

"Mlifunga kwenye nini?"

"Mafunjo."

"Upondo uligonga udongo?"

Ochola alimtazama Murage. Murage akatazama moto.

"Kamba ilikuwa imara, mama. Fundo nililikaza kwa mkono wangu."

"Kamba sikuuliza." Aliweka chini kipulizio chake. "Mungu amenirudishia mwanangu, namshukuru. Lakini usilisingizie ziwa. Lilikuwa linakwenda zake, nawe ukajifunga kwa kinachokwenda ukajiita umefika. Mtumbwi uliofungwa kwa mafunjo haujafika, mwanangu."

 Ochola alilikunja blanketi taratibu, akaliweka juu ya kigoda, akatoka nje.