Jivu Likiitwa Haliitiki

Jivu likiitwa haliitiki. Ndivyo nilivyomjibu katibu wa parokia juzi, alipoleta barua ya kumrudishia Mzee Ndahani, yule waliyemtenga, ushirika wake, miezi minne baada ya sisi kumzika nje ya ua wa kanisa. Nyinyi vijana mlikuwa mmekaa pale mnasikiliza, na sasa mnaniuliza maneno hayo nimeyatoa wapi. Niliyapata kwa fundi aliyenifundisha kushona vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, naye alinisimulia kwamba yalianza hivi.

Ilikuwa Uingereza, yapata miaka mia tano iliyopita. Msicheke. Nyinyi mnaokunja ulimi kwa Kiingereza ili muonekane wasomi, jueni kwamba siku hizo Kiingereza kilikuwa lugha ya zizini na jikoni. Maandiko Matakatifu yalisomwa kwa Kilatini, na Kilatini walikijua mapadri na mabwana wachache. Mkulima aliitikia kanisani maneno asiyoyaelewa tangu utotoni hadi uzeeni, kisha akazikwa kwa maneno asiyoyaelewa. Walikuwapo watu waliokwisha kuyatafsiri Maandiko kwa lugha ya nyumbani, wakayanakili kwa mkono na kupeana kwa siri, maana sheria ilisema anayekutwa nayo bila ruhusa ya askofu ni mzushi, mpotoshaji wa imani. Mzushi asiyetubu alichomwa moto akiwa hai.

Katika mji mmoja wa wafumaji aliishi mgane aitwaye Hamo, mshona glavu, pamoja na binti yake Emmota, msichana wa miaka kumi na tisa. Hamo hakuwa na kitabu. Aliwahi kuazimwa kurasa chache na mchuuzi mmoja kwa majira ya baridi, akazikariri zote, akazirudisha. Kisha baba na binti wakawa wanashona ngozi huku yeye akimfundisha neno kwa neno. Nyumba ilikuwa safi. Kitabu kilikuwa kichwani, na kichwa hakipekuliwi.

Jirani akawachongea. Akaja mwandishi wa mahakama ya askofu, Pirs, pamoja na askari wawili. Walipekua wakakuta ngozi na nyuzi tu. Lakini Pirs alikuwa na njia yake. Alimtaka kila mtu aseme Sala ya Bwana. Aliyeisema kwa Kilatini, hata kama kasuku, aliachwa. Hamo aliisema kwa Kilatini bila kukosea.

Ikaja zamu ya Emmota. Kilatini alikijua pia. Baba yake alikuwa amemzoeza kwa ajili ya siku kama hiyo. Ila alipomtazama baba yake akaona askari hawajamfungua kamba waliyomfunga mikononi wakati wa kupekua, na kwa hofu akasahau kwamba anapimwa. Aliomba kweli. Na mtu akiomba kweli huomba kwa lugha aliyonyonyeshwa. Sala ikatoka kwa Kiingereza, yote, mpaka amina. Pirs alimsikiliza bila kumkatiza.

"Nani amekufundisha, binti?" akauliza kwa upole.

Emmota alikuwa amekwisha kuelewa alichofanya.

"Nimemfundisha mimi," Hamo akasema. "Niandike mimi, Bwana. Huyu mwache."

Mahakamani walimtaka Hamo atubu. Akawauliza, "Nitubu kosa gani? La kumwita Mungu Baba?" Wakamhukumu moto. Emmota naye alitaka kukataa kutubu, lakini baba yake akamsihi: "Kubali, mwanangu. Wakikuchoma na wewe, watakuwa wametumaliza." Basi akaapa kwamba maneno yale ni ya shetani. Adhabu yake ikawa kuvaa begani, maisha yake yote, kitambaa chenye picha ya kuni, na kubeba mtita wa kuni mpaka mahali pa kumchomea baba yake.

Akabeba. Wengine husimulia kwamba kuni zile zilikuwa mbichi, zikagoma kuwaka. Huo ni uongo wa kufariji watu. Zilikuwa kavu. Alizichagua mwenyewe, moja moja, ili baba yake asikawie kufa.

Ikapita miaka kumi na minane. Mfalme akagombana na Papa kwa sababu zake mwenyewe, akaamuru Maandiko ya Kiingereza yawekwe katika kila kanisa. Maneno yale yale! Pirs hakupoteza kazi. Watu wa namna yake hawakosi kazi. Jumapili moja alisimama mbele ya waumini na orodha mkononi, akatangaza kwamba waliohukumiwa zamani waje mmoja mmoja, waseme Sala ya Bwana kwa Kiingereza, wakatiwe kitambaa na majina yao yasafishwe. Orodha ile alikuwa ameinakili kama ilivyokuwa, bila kujisumbua kuuliza nani yu hai.

"Hamo, mshona glavu!"

Akakohoa, akapaza sauti.

"Hamo, mshona glavu! Njoo usamehewe!"

Emmota akasimama kule nyuma. "Bwana, jivu likiitwa haliitiki."

Pirs akamtazama, akakiona kitambaa, akamkumbuka. "Ilikuwa sheria, mama," akasema. "Leo sheria ni nyingine. Njoo basi wewe, uiseme sala, nikukatie hicho kitambaa."

"Niliisema siku ile, Bwana. Ulinisikiliza mpaka mwisho."

Pirs alilifuta jina la Hamo akaita lililofuata, na hilo nalo halikuitika.

Watu wa mji ule wakalishika neno la Emmota, wakalisema kila mkubwa alipoleta msamaha kwa mtu aliyekwisha kummaliza. Yeye aliendelea kwenda kanisani. Kila Jumapili alisikia maneno ya baba yake yakisomwa na Pirs kwa sauti nzuri, mlango ukiwa wazi, bila mtu kuogopa. Watu waliitikia. Yeye, aliyeyajua yote kwa moyo, hakuitikia hata amina mpaka alipokufa.

Basi mwenye kutaka kuomba radhi na aombe mapema, wenye masikio wangalipo. Jivu likiitwa haliitiki.