Bawaba ya Kisanji

Usinibetulie midomo. Kama huamini, nenda kausukume mlango wa duka la Kisanji, halafu urudi unibishie.

Nyamizi aliingia humo kutafuta mashine ya kuchomelea ya bei nafuu. Gereji ya uani kwao ilikuwa inakufa. Kila ekzosi iliyotoboka ilikwenda kwa jirani mwenye mashine.

"Umetumwa na fundi gani, mama?" Kisanji aliuliza.

"Fundi mwenye haraka. Nataka hii ndogo."

"Hiyo ni chuma chakavu! Chukua kubwa. Hiyo haiwezi kushikisha hata mlango wangu ule." Mlango wa chuma ulikuwa unaning'inia, bawaba ya juu imekatika.

"Nikiuchomelea ukashika, utaniuzia kwa bei ya chuma chakavu?"

"Wewe?" Kisanji akawaita wateja waje wacheke. "Ukishika, sawa. Usiposhika, unanunua kubwa."

Nyamizi akakaza kanga, akaanza kukwangua kutu kwenye bawaba. Kisanji akaacha kucheka.

"Mama, huyo fundi wako ni nani hasa?"

"Ushikilie mlango vizuri, baba, usinitikisie," Nyamizi alisema, akavaa miwani myeusi.

Alipomaliza akalipa bei ya chuma chakavu, akajitwika mashine, akatoka, akaufunga mlango.