Ukuta Usiosomeka

Paukwa! Itikieni basi, lakini polepole, mtoto ndiyo kwanza amelala.

Pakawa.

Shwaa. Shwaa. Shwaa.

Mmesikia? Huo ndio mlio ulioamsha kijiji kimoja zamani, zamani hata bibi zetu hawajazaliwa, usiku wa manane, mbwa kimya, moto umezimika, na kitu kinapapasa ukuta, shwaa, shwaa, na kila mama aliyesikia akamvuta mtoto wake karibu akasema si kwangu, si kwangu, kipite.

Hakikuwa kitu. Alikuwa Sikudhani.

Sikudhani alikuwa mwanamke mdogo, mume kaenda safari hajarudi, na alikuwa na mtoto mmoja tu, Zena, hata kutambaa bado. Na kijijini kulikuwa na homa. Ilishachukua watoto wawili. Usiku ule ilimshika Zena. Sikudhani akamkanda maji, akamfukiza majani, akamwimbia, maji yakaisha, majani yakaisha, nyimbo zikaisha, mtoto bado anawaka. Mikono yake ikakosa kazi. Mnajua mikono inavyokuwa mtoto anapoumwa na huna tena la kumfanyia? Basi pale mlangoni palikuwa na chungu cha udongo mwekundu, wa kukandikia nyumba, na masizi yako jikoni. Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka, akachovya vidole, akapaka. Shwaa. Akapaka. Shwaa. Mpaka jogoo.

Kulipokucha watu wakaona. Wekundu unapanda. Weusi katikati, na kadiri unavyoutazama unazidi kuwa mweusi. Na mistari ya vidole, mingi, inakwenda, inageuka, inakwenda, inageuka. Si mti. Si ng'ombe. Si mtu.

Sasa jueni, katika kijiji kile kila nyumba ilichorwa, na kila ukuta ulisomwa. Ukichora, watu wanakuja wanasema, "Somesha!" Nawe unanyoosha kidole: hili jembe, maana yake mume wangu mkulima, hiki kinu, maana yake hapa hatulali njaa. Watu wanasema, "Umesomeka," wanakwenda zao. Na alama isiyosomeka ni uchawi. Ndivyo walivyoamini.

"Somesha!" wakamwambia.

"Haina maana," akasema Sikudhani.

"Sema tena?"

"Haina maana, mama zangu. Nimechora tu."

"Amechora tu!" akapiga kelele jirani yake, mama wa mmoja wa wale watoto wawili. "Wenzake tunazika, yeye usiku anachora tu!"

Mwingine akamnong'oneza, "Mjinga wewe, sema ni mvua. Sema mvua tuondoke."

Sikudhani akafungua mdomo aseme mvua. Neno likakataa kutoka.

"Si mvua," akasema. "Ningekuwa nakijua ni kitu gani ningekitaja. Nisingekaa usiku kucha nakipaka."

Jumbe akaja. Akatazama, akageuza uso, akatazama tena. Akasema, "Avuke mto. Yeye na mtoto wake. Jua likizama asiwe hapa."

Na mto umejaa. Na ng'ambo hakuna nyumba, kuna pori tu, na fisi, na mtoto ana homa.

"Mwanangu atakufa," Sikudhani akasema.

"Wetu hawakufa?" jirani akamjibu.

Hapo mtu akasema, mwiteni Bibi Somoe.

Bibi Somoe alikuwa msomaji wa kuta, tangu Jumbe mwenyewe hajatahiriwa. Ukuta ukimshinda mwenye nyumba kuusoma, anasoma yeye, na akishasoma hakuna wa kubisha. Hakuna ukuta uliowahi kumshinda. Hupita tu, hutupa jicho, husema, huyo amekwenda.

Akaja na fimbo yake. Ko. Ko. Ko. Akasimama.

"Soma, bibi."

"Ngojeni."

Jua likapanda. Akaomba kigoda. Akakaa.

"Soma, bibi."

"Ngojeni."

Jua likafika utosini. Mbuzi wanalia zizini, hakuna aliyekwenda kuwafungulia. Sufuria hazijabandikwa. Kijiji kizima kimesimama mbele ya ukuta mmoja, na Jumbe kila akienda kivulini anarudi.

"Soma, bibi!"

"Ngojeni, nyie!"

Kisha akamwita Sikudhani karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu. Maana yake nini?"

"Haina, bibi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Ulikuwa unalia ulipochora?"

"Hapana. Nililia tangu homa ilipomshika. Nilipoanza kuchora nikanyamaza."

Bibi Somoe akamtazama Zena, midomo imekauka, macho nusu. Akatazama mto. Akainuka.

"Huu ni mlango," akasema kwa sauti kubwa. "Wekundu ni homa. Weusi ni uwazi wa mlango. Mistari ni homa inatafuta njia. Maana yake, homa inatoka kijijini."

"Ahaaa!" watu wakasema. Vigelegele. Jumbe akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe mlango! Mbona hukusema, mwanamke, ukatutia kiwewe bure!"

Wakaondoka. Wote, mara moja. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama nyuma.

Mnadhani imekwisha? Haijaisha.

Jioni jirani yule yule akaja, na kisu, na kifuu cha nazi. "Shoga, nikwangue kidogo. Nimebakiwa na mmoja, naye ameanza kuchemka." Kwaru, kwaru. Akakoroga na maji, akamnywesha mwanawe. Akaja mwingine. Kwaru, kwaru. Akaja mwingine, na wa kijiji cha pili. Sikudhani akasema, jamani, ukuta wangu. Wakamwambia, unatunyima dawa? Angesema nini? Siku tatu, kwaru, kwaru, kwaru, wekundu ukaisha, weusi ukaisha, zikabaki fito tupu na upepo unaingia ndani.

Siku ya nne homa ikamwachia Zena. Watoto wengine walipona, wengine hawakupona. Wa jirani hakupona.

Bibi Somoe akaja, akasimama mbele ya zile fito.

"Nilisoma uongo," akasema.

"Najua, bibi. Umeniachia mtoto."

"Nimekuachia mtoto, nimekula picha yako."

"Kwani ilikuwa picha, bibi? Kitu hakina maana."

Bibi Somoe akakaa chini, pale pale mavumbini. "Mwanangu, nimesoma kuta zote za hapa. Ya Jumbe ina ng'ombe. Niulize pembe za ng'ombe yule zikoje. Sijui. Nilishasoma ng'ombe, nikapita. Yako nikifumba macho naiona yote, sijui ninaona nini, na moyo unanienda mbio. Ile ilikuwa picha. Nyingine zote zilikuwa maneno."

"Basi waambie, bibi."

"Nikiwaambia leo, kesho mnavuka mto."

Sikudhani akamkumbatia mwanawe.

Tangu siku ile Bibi Somoe hakusoma ukuta wa mtu. Alisema macho yake yamekufa. Wakamshika mkono njiani, wakamlisha, miaka mingi, mpaka wakamzika, naye macho yake yalikuwa yanaona hata uzi kwenye tundu la sindano. Alichagua kushikwa mkono kama kipofu.

Na funzo? Funzo ni hili: mtu akikuonyesha kazi ya mikono yake, usimkimbilie na maana yake nini, maana yake nini. Kaa kwanza. Tazama. Pengine kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha asubuhi.

Hadithi yangu naitua hapa. Sikudhani alimwambia Zena peke yake, siku Zena alipojifungua, na Zena akamwambia binti yake vivyo hivyo, mpaka mama akaniambia mimi, na mimi nimewaambia ninyi kwa kuwa mmekesha nami na mtoto huyu. Mwingine simwambii. Wallahi, simwambii.