Kichupa Kimoja, Wagonjwa Watatu

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nina fundo hapa, mimi limenishinda.

Bukoba kulikuwa na maabara yenye wanakemia watatu. Kokushubira alijua kukokotoa kwa kompyuta mahali elektroni zinapojikusanya ndani ya molekuli: wapi pana chaji hasi, wapi chanya. Rwegoshora alikuwa na mkono wa kutengeneza molekuli yoyote utakayomchorea. Byera yeye alijaliwa kuuliza maswali ya kuudhi.

Kila mmoja aliuguliwa nyumbani, na ugonjwa ulikuwa uleule wa damu. Kokushubira alimuuguza mama yake, Rwegoshora mkewe, Byera mwanawe wa pekee.

Kokushubira akakokotoa. Kijidudu cha ugonjwa kilikuwa na kifuko chenye chaji chanya, na molekuli aliyoibuni ilikuwa na chaji hasi upande mmoja. "Vitavutana," alisema.

Rwegoshora akaitengeneza. Haikukishika kijidudu. Akarudia, ikakataa tena, na malighafi ikazidi kupungua.

Ndipo Byera akauliza, "Dada Koku, hii umeihesabu ikiwa wapi?"

"Peke yake. Kwenye utupu."

"Nani ana utupu kwenye mishipa? Damu ni maji, na maji nayo huvuta elektroni."

Kokushubira aliona aibu. Akakokotoa upya, safari hii molekuli ikiwa imezungukwa na maji, na kweli chaji ikahama. Wakabadilisha atomi chache, Rwegoshora akatengeneza, ikashika.

Lakini malighafi iliyobaki ilitoa kichupa kimoja tu. Nyingine itafika mwakani, na daktari alishasema hao wagonjwa mwakani hawafiki. Ukiigawa dawa, haimponyi yeyote.

"Bila hesabu yangu msingejua pa kuanzia," alisema Kokushubira.

"Hesabu hainyweki, dada," alijibu Rwegoshora. "Hii ni kazi ya mikono yangu."

Byera angeweza kuwakumbusha swali lake. Alisema tu, "Jana mwanangu aliniuliza kama dawa ni chungu."



Kichupa kiko kwenye jokofu. Wamesimama mbele yake, na hakuna anayefungua mlango. Msiniambie Mungu anajua; hilo nimeambiwa sana na halijanisaidia. Mkichagua, misiba ni miwili; msipochagua, ni mitatu.

Je, wewe ungempa nani? Na wale wawili, ungewatazama usoni uwaambie nini?