Kiti cha Kokutona Mdogo

Kiti kikibana, mlaumu seremala.

Mmecheka mliponisikia nikimwambia hivyo mwenzenu Byera aliporudi kutoka kwa fundi na gauni lisilofungika zipu. Mmedhani nimeyatunga maneno hayo papo hapo ili nimfariji. Sikuyatunga. Usemi huo una umri mkubwa kuliko ninyi nyote mlioketi hapa, na ulianza siku ya harusi yangu. Wengi huusema bila kujua ulikotoka. Mimi najua, kwa sababu siku hiyo niliketi chumbani nimefunikwa kichwa, nikimsubiri mtu aliyekuwa akihangaika na kiti ng'ambo ya ziwa.

Mtu huyo alikuwa shangazi yangu Kokutona, dada pekee wa baba. Baba alifariki nikiwa na miaka michache, na yeye ndiye aliyegharamia malezi yangu kwa sehemu kubwa, ingawa aliishi Mwanza nasi tulikuwa Kashai, Bukoba. Alikuwa mwanamke mnene sana. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Mwenyewe alikuwa akisema. Nyumbani watu walimsifu, "Shangazi umenawiri," naye akacheka, akaketi mkekani na kunyoosha miguu. Lakini nje ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Kwenye basi watu walihama wakimwona anapanda. Hotelini alichagua kusimama, akasema hajachoka. Taratibu akaacha kusafiri. Miaka ikapita hatujamwona, na kila tukimwita, alikuwa na udhuru mzuri.

Nilipochumbiwa, udhuru ukaisha. Kwetu Buhaya bi harusi hatoki mwenyewe nyumbani kwa baba yake. Shangazi humshika mkono na kumvusha kizingiti. Mama hawezi kufanya kazi hiyo, wala jirani, hata akiwa mwema namna gani. Bila shangazi, wakwe watasema, "Hawa hawajatupa binti, tumemchukua wenyewe." Maneno hayo humfuata mwanamke mpaka uzeeni.

Basi binamu yangu Byabato, aliyekuwa Mwanza, akaenda kumkatia tiketi ya ndege. Ilikuwa kampuni ndogo, yenye ndege ndogo ya viti viwili viwili kila upande. Walikuwa na kanuni kwamba abiria mnene alipie viti viwili, ili jirani yake asibanwe. Byabato aliona haya kumwambia shangazi, lakini akamwambia. Shangazi akasema, "Kata viwili. Usimwambie mtu."

Byabato akakata viwili, vyote kwa jina la Kokutona, asiseme zaidi. Na hapo ndipo kosa lilipoingia. Msichana wa tiketi, Leokadia, alikuwa mtoto wa kwetu. Alijua kwamba Wahaya hurithishana majina ya mabibi, na kwamba si ajabu nyumba moja kuwa na Kokutona wawili, mtu na somo yake. Hakuuliza. Aliandika Kokutona Mkubwa na Kokutona Mdogo, akatabasamu, akampa Byabato tiketi zake. Mtu wa kabila lingine angeuliza.

Siku ya safari shangazi aliketi pembeni kabisa ya chumba cha abiria, juu ya sanduku lake, maana viti vya pale vilikuwa na mikono ya chuma. Alikuwa amevaa gauni jipya la kitenge, na mkobani alikuwa na shuka ya kunifunika nikitoka. Mara kipaza sauti kikaita.

"Abiria Kokutona Mdogo, abiria Kokutona Mdogo, unaombwa ufike mezani haraka."

Shangazi hakuinuka. Alijua yeye ni Kokutona, lakini mdogo hakuwahi kuitwa tangu utotoni. Wakaita tena. Wakanyamaza. Abiria wakaanza kwenda kwenye ndege, naye akangoja wote watangulie, kama alivyozoea, ili asipite mbele ya macho ya watu wengi.

Alipopanda alikuta viti vyote vimejaa ila kimoja. Kando ya kile kimoja, penye kiti chake cha pili, alikuwa ameketi kijana mwembamba mwenye miwani, jina lake Deusdedit. Kijana huyo alikuwa uwanjani tangu asubuhi akiomba nafasi, na kiti cha yule asiyefika ndicho alichopewa.

"Samahani baba," shangazi akamwambia polepole, "nadhani hapo ni pangu."

"Pako ni hapo dirishani, mama. Hapa ni pangu. Nimelipa sasa hivi."

Leokadia akapanda ngazi mbio. "Kuna nini? Mama, kaa tuondoke."

"Binti, viti vyangu ni viwili."

"Kiti cha pili ni cha Kokutona Mdogo. Tumemwita mpaka sauti imekauka. Hakufika."

Shangazi alitazama chini. Baadaye aliniambia kwamba angeweza kuvumilia mengi siku ile, lakini kusema maneno yaliyofuata mbele ya watu wale nusura kumshinde.

"Kokutona Mdogo ni mimi."

"Na Kokutona Mkubwa?"

"Naye ni mimi."

Ndege nzima ikacheka. Mwanamume mmoja kiti cha nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe ndizi zote za Kagera zinapelekwa Mwanza!" Wakacheka tena. Leokadia hakucheka. Alikuwa ameelewa alichokosea, na uso ulimbadilika.

"Mama yangu, nisamehe," akasema. "Lakini kanuni hainiruhusu nikukalishe kwenye kiti kimoja. Labda kaka huyu ashuke, au..."

"Nishuke mimi?" Deusdedit akaruka. "Nimesimama jua lote! Mama yangu ananingoja uwanjani Bukoba, sijamwona tangu niende masomoni. Dada, nimelipa kiti kizima. Sikulipa nusu."

"Mama ashuke, aje kesho," akasema wa nyuma. "Sheria ni sheria."

"Kesho nitamkuta nani?" shangazi akauliza. "Harusi ni leo."

Rubani akageuka kutoka kwenye usukani wake, mtu wa makamo, mpole. "Jamani, mimi uzito nimeupima. Huyo mama niliambiwa ni watu wawili, na hata kijana akiongezeka, ndege inabeba. Mabishano yenu ni ya kiti, na kiti si kazi yangu. Patanisheni upesi, mawingu yanakuja."

Shangazi akamtazama Deusdedit. Alikuwa na umri wa mwanawe, kama angejaliwa mwana.

"Usishuke, baba," akamwambia. "Una haki. Umelipa kiti kizima, na mimi nikikaa hapo nitakuachia nusu. Ningekuwa wewe, ningekasirika pia." Akainua sanduku lake. "Ila nikueleze jambo moja, kisha niende. Kwetu mgeni akiketi na kiti kikambana, anayeona haya ni mwenye nyumba. Huomba radhi, akamwita seremala. Hamwambii mgeni, nenda ukapungue ndipo urudi. Leo kiti hiki kimenibana mimi, nawe kinataka kukubana. Wewe umekasirika, mimi nimeona haya, na binti huyu anaogopa kazi yake. Aliyekitengeneza hayupo hapa. Hata hasikii."

Akageuka kwenda mlangoni. Hakuwa na hasira, na nadhani hilo ndilo lililowashinda. Yule wa nyuma aliyetania ndizi alianza kutafuta kitu mkobani mwake asichokihitaji.

"Mama, ngoja," Deusdedit akasema.

Alikuwa ameshika mkono wa kiti, ule uliotenganisha viti viwili, akiusukuma huku na huku. Ukatoa mlio, ukanyanyuka, ukalala nyuma katikati ya migongo. Palipokuwa na viti viwili pakawa kama benchi moja.

"Unanyanyuka," akasema, kana kwamba amegundua ndege nzima. "Njoo uketi."

"Utabanwa, baba."

"Nitabanwa. Lakini si mpaka kesho."

Leokadia alisitasita. "Kanuni imewekwa kwa ajili ya jirani asibanwe. Kaka, umekubali kweli? Usije ukalalamika ofisini baadaye."

"Nimekubali. Nikilalamika nitalalamika sasa hivi, mbele yake, anisikie."

"Lalamika basi," shangazi akasema huku akiketi.

"Waitu, mama! Mguu wangu!"

Safari hii shangazi naye alicheka, na ndege ikacheka pamoja naye. Na kicheko kile hakikufanana na cha kwanza. Leokadia akatafuta kamba ya kuongezea mkanda, akamfunga mwenyewe kwa mikono yake, taratibu, kama mtu anayemvisha mama yake. Alipomaliza akamwambia sikioni, "Shikamoo mama," maana hakuwa amemwamkia.

Mimi wakati huo nilikuwa chumbani. Wakwe walikuwa wamefika tangu adhuhuri. Nilisikia wazee wao wakikohoa uani, kikohozi kile cha watu wanaotaka kuuliza na hawataki kuonekana wanauliza. Mama mmoja wa ukoo akaingia akanong'ona, "Jua linashuka. Mimi nimshike mkono, nani atajua?" Mama yangu akamjibu, "Atajua bi harusi mwenyewe. Nyumba hii ina shangazi mmoja." Nilitamani kulia, nikaogopa kuharibu wanja. Moyoni nilianza kumlaumu shangazi. Niliwaza, ameona haya tena, ametafuta udhuru tena. Sikujua kwamba wakati huohuo alikuwa juu ya ziwa, amejikunja kwa kadiri alivyoweza, akishikilia pumzi ili kijana wa watu apate nafasi ya kiwiko.

Alishikilia pumzi mpaka Deusdedit akamwambia, "Mama, pumua. Nikibanwa na maiti itakuwa mbaya zaidi."

Wakaongea njia nzima. Alimwambia habari za baba yangu, za miaka aliyokaa bila kuja, na sababu za kweli ambazo hakuwahi kutwambia sisi. Kijana naye alimwambia kwamba utotoni alichekwa kwa wembamba wake, na suruali za shule zilifungwa kwa kamba. Hivyo ndivyo ilivyo: mtu humweleza mgeni aliyebanana naye yale aliyowaficha wa nyumbani.

Ndege ikatua Bukoba salama. Nje ya uwanja mama yake Deusdedit alikuwa amesimama, mwanamke mfupi mwenye kanga begani. Akamkumbatia mwanawe, kisha akamwona anavyosugua bega na kuburuta mguu.

"Mwanangu, una nini? Umeumia?"

"Nimebanwa, mama. Njia nzima nimebanwa."

"Umebanwa na nani?"

Shangazi alikuwa nyuma yao, hatua chache tu, na sanduku lake. Alilisikia swali lile. Alikuwa amelisikia maishani mwake mara nyingi, kwenye mabasi na kanisani, na alijua jibu lake. Daima watu walimgeukia yeye. Akasimama, akainamisha kichwa, akangoja.

Deusdedit akamwona. Akaacha kusugua bega.

"Nimebanwa na kiti, mama," akasema.

"Kiti?"

"Kiti. Waliokitengeneza walimpima mtu mmoja, wakadhani wametupima wote." Akampokea shangazi sanduku. "Huyu ni Mama Kokutona. Tumebanwa naye pamoja. Anawahi harusi, tumtafutie gari."

Mama yake alimtazama shangazi, akamtazama mwanawe, akaelewa. Wanawake wa umri ule huelewa upesi. Akampa shangazi mikono yote miwili, akamwamkia, kisha akasema lile neno, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema mvua inakuja: "Pole, dada. Kiti kikibana, mlaumu seremala."

Walimleta mpaka mlangoni petu. Nilisikia vigelegele uani, kisha pazia likafunguka na shangazi akaingia, amejaza mlango wote, anatokwa jasho, kitenge kimekunjamana. Hakueleza lolote. Alinitandikia shuka kichwani, akanishika mkono, tukavuka kizingiti jua likiwa bado juu ya migomba.

Habari nzima alinisimulia baada ya siku kadhaa. Tangu mwaka ule alikuja kila mwaka. Si kwamba viti vilipanuka. Kampuni ile haikubadili kanuni yake, na mpaka leo nasikia watu wakibishana kama abiria mnene alipie viti viwili au kimoja. Wanaosema jirani ana haki ya kiti chake hawasemi uongo. Deusdedit aliburuta mguu siku mbili. Mimi sina jibu la kuwapa wenye ndege. Najua tu kwamba shangazi yangu aliishi miaka mingi akijiona yeye ndiye kosa, na kijana mmoja mwenye bega linalouma, aliyekuwa na kila sababu ya kumnyooshea kidole, alikinyoosha kwingine.

Basi mkimwona mtu amesimama ilhali viti vipo, au anangoja wote wapite ndipo apite, msimcheke, na msimhurumie kwa macho ya kumchoma. Tafuteni mkono wa kiti unaonyanyuka. Na mkiulizwa nani amewabana, kumbukeni jibu la Deusdedit.

Kiti kikibana, mlaumu seremala.