Mkate wa Pasaka na Tundu la Ukutani

Kuna watu hukesha wakilinda lango wezi wasiingie, kumbe mwizi kashakaa mezani, kanawa mikono, anasubiri supu. Ndiyo maana ya kikulacho ki nguoni mwako: kinachokuuma hakitoki mbali, kimo humo humo ndani, na mara nyingi ni wewe mwenyewe uliyekitandikia kitanda. Asiyeamini na asikilize yaliyomfika Veturia wa mji wa Mediaș, mjane mwenye ulimi kama wembe na mikono ya dhahabu.

Dhahabu kweli. Mtaa mzima ulijua kwamba Pasaka bila mkate mtamu wa Veturia, ule wa kokoa na zabibu kavu, ni harusi bila bibi harusi. Lakini unga wa mkate ule ulikuwa na masharti kuliko mwali. Haukutaka kelele wakati wa kuumuka, haukutaka mlango kufunguliwa, na zaidi ya yote haukutaka upepo. Na si unga peke yake. Pale Mediaș kila mama anajua kwamba upepo unaopenya nyumbani huingilia sikioni ukatokea jinoni, na ukishuka kiunoni hauhami tena.

Mwaka huo baridi iligoma kuondoka. Chumba chenye joto kuliko vyote kilikuwa kile kidogo nyuma ya jiko, penye mashine ya kufulia na boila ya gesi inayopasha maji ya nyumba nzima. Kasoro yake moja tu, tundu. Fundi aliyeifunga ile boila alitoboa ukuta unaotazama uani, akaweka wavu wa chuma, akamwonya Veturia asilizibe hata siku moja. Moto wa gesi huvuta pumzi kama mtu, alisema, na ukikabwa koo hutema sumu isiyo na harufu wala rangi. Veturia alimsikiliza kwa heshima, akamnywesha kahawa, na moyoni akasema huyu bwana hajawahi kukanda unga.

Basi Jumamosi ya kuamkia Pasaka, alfajiri, alichukua sweta kuukuu ya marehemu mumewe akaisokomeza kwenye lile tundu mpaka mkono wa mwisho ukazama. Akaweka beseni la unga juu ya mashine, akalifunika kwa taulo. Hakuna upepo tena. Veturia akajisifu kimoyomoyo.

Jikoni alikuwepo Anda, mkamwana wake, mwenye mimba ya miezi saba, akipaka mayai rangi nyekundu. Mumewe Costin, dereva wa malori, alikuwa njiani kurudi. Mtoto yule tumboni ndiye angekuwa mjukuu wa kwanza, na Veturia alimlinda kama mboni ya jicho. Kwa hiyo Reghina, jirani wa upande wa pili wa ua, alipochungulia dirishani kuomba vanila, akasifu tumbo la Anda na beseni la unga kwa pamoja, kisha akaenda zake bila kutema mate kidogo kama inavyopasa mtu akisifu, Veturia alimkazia macho kisogoni. Sifa isiyo na mate ni jicho baya. Hata watoto wanajua.

Jua halijapanda sana, Anda akaanza kulalamika kichwa. Veturia naye kikamgonga, lakini alikuwa na jibu tayari. Aliwasha njiti za kiberiti, akazizamisha moja moja kwenye bakuli la maji, dawa ya jicho baya, huku akisali, akamnywesha Anda mafunda machache. Anda akatapika. Veturia akaenda kuchungulia unga wake. Dirisha la chumba kile lilikuwa linatiririka maji, na kwenye kioo kidogo cha boila moto uliokuwa buluu siku zote sasa ulikuwa wa njano, unacheza kama ulimi wa nyoka. Moto umefurahi, akajisemea. Unga ulikuwa umejaa beseni. Akafunga mlango polepole, usije ukashtuka.

Aliporudi jikoni, Anda alikuwa ameegemeza kichwa mezani, mashavu mekundu kama mayai yake.

"Mama," alisema kwa sauti ya usingizi, "mbona miguu siisikii?"

Hapo Veturia akapandwa na mori. Akatoka uani mbiombio mpaka kwenye uzio, ambako Reghina alikuwa anapiga mazulia vumbi.

"Reghina, njoo umtemee mate mwanangu. Umemmaliza kwa jicho lako."

"Jicho lipi, jirani? Hata uzi kwenye sindano unanishinda, nimmalize nani?"

Wakarushiana maneno. Ya mwaka huu yakaisha, wakafukua ya miaka ya nyuma, likiwemo la jogoo aliyepotea. Reghina ndiye aliyeteremsha kwanza fimbo ya mazulia, akamkazia macho mwenzake.

"Na wewe kinakuuma kichwa?"

"Kinapasuka."

"Sasa hivi?"

Veturia alijishika kipaji cha uso. Kichwa kilikuwa chepesi, kimetulia kama maji ya mtungini.

"Ajabu hiyo," akasema Reghina. "Jicho langu hili hapa, limekukodolea tangu umekuja, na wewe unapona. Basi kinachowala kimebaki ndani."

Ndani. Veturia aliona mkono wa sweta ukizama ukutani, aliona ule moto wa njano, na maneno ya fundi yakamrudia kama kofi. Alikimbia kama msichana. Yeye ambaye hakuwahi kuacha mlango wazi unga ukiumuka, aliufungua wa kwanza, wa pili, na madirisha yote, akafunga koki ya gesi, akang'oa sweta. Upepo ukapita nyumba nzima ukipiga miluzi. Reghina alishamfuata, wakambeba Anda, mmoja kila upande, miguu yake ikiburura, wakamlaza uani juu ya mazulia ya Reghina.

Gari la wagonjwa lilifika Anda akiwa amefumbua macho. Hospitalini wakampa oksijeni, wakasikiliza moyo wa mtoto, na daktari akasema unadunda sawasawa, ila wangechelewa kidogo tu, asingekuwa na la kusema. Veturia alikaa kwenye benchi la nje na ile sweta mapajani, akailia.

Jioni Costin aliwakuta wote wazima, na unga umelala kwenye kitako cha beseni kama tambi za jana. Kwa hiyo Pasaka ile mkate ulitoka kwa Reghina, umeungua chini na katikati haukuiva. Veturia alikula vipande viwili, akaomba cha tatu. Kisha akamvuta Reghina mpaka mbele ya tumbo la Anda.

"Haya, msifu tena mjukuu wangu. Ukipenda, tema mate. Usipopenda, acha."

Reghina akatema, kwa usalama tu. Nyuma ya jiko, fundi alishaisafisha boila, moto umerudi kuwa buluu, na hewa ya baridi ilikuwa ikiingia kupitia lile tundu, ikimpiga Veturia shingoni pale aliposimama. Hakusogea. Alimlinda mjukuu wake na jicho la jirani, kumbe sumu ameifungia chumbani kwa mkono wake mwenyewe. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.