Ovaroli ya Mzee Hoza

Nina kisa. Msiitikie bado! Kwanza niahidini kwamba nikimaliza mtanipa hukumu, maana nimechoka kuibeba peke yangu. Mmeahidi? Haya. Atakayejitia kusinzia nikifika kwenye swali, chai yangu airudishe kwenye birika.

Mnaijua karakana yangu hapa Korogwe, ile iliyo nyuma ya maghala ya mkonge. Tuna mashine moja kubwa ya kuchonga chuma, inayoongozwa na kompyuta. Mafundi wanaiita CNC. Unaipa pande la chuma, inakurudishia gia yenye meno kamili. Kwa miaka kumi na moja aliyeiendesha ni Mzee Hoza Semkiwa. Kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa na kuiuliza imeamkaje. Tulimcheka, wala hakujali.

Sasa wawekeni kichwani watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Mbaruku, fundi mitambo, mwenye kiganja cha ajabu. Akigusa chuma anakwambia joto lake, na ukipima unakuta hakukosea. Wa pili ni Mwanahawa, mkata vyuma. Huyu ana masikio, jamani! Ukipiga chafya upande wa pili wa karakana anakwambia mafua yamekuanza lini. Wa tatu ni Nakijwa, fundi umeme, asiyeamini kitu mpaka akipime. Mwambie mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha.

Mwezi uliopita mashine ikaanza kugoma. Inachonga nusu saa, taa nyekundu inawaka, inasimama. Kompyuta ikawa inasema mota inayopandisha na kushusha kichwa cha mashine imepata joto kupita kiasi. Mzee Hoza akanijia ofisini mara mbili. "Mama, mota inachemka. Tuisimamishe tuitazame." Mimi nilikuwa na gia za kiwanda cha mkonge zinazosubiriwa, nikamjibu, "Baba, piga kazi kwanza."

Siku ya tatu ikagoma katikati ya gia, na gia ikaharibika. Nikatoka ofisini nimepandwa na mori. Mbele ya watu wote nikamwambia, "Unailazimisha mashine! Umezeeka, mkono umekuwa mzito. Chukua ufagio ukafagie vumbi la chuma." Mzee niliyekuwa namwita baba! Kisha nikawageukia wengine. "Kuna mwenye neno?" Kila mtu akarudi kwenye chuma chake. Mzee Hoza akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine, akaenda zake nyumbani.

Nami kwa hasira zangu nikatangaza: atakayeuona ugonjwa wa mota ile, mashine ni yake kuiendesha.

Mbaruku akaanza. Asubuhi, kabla ya kukata chuma chochote, alikiamuru kichwa kiwe kinapanda na kushuka bure, juu, chini, juu, chini. Baada ya robo saa akaiwekea mota kiganja, akaniita. "Mama, gusa. Haijakata kitu na tayari inaunguza. Basi kosa si ukataji. Mzee hakuilazimisha." Nikavuta ndoo, nikakaa. Bila kiganja kile tungeendelea kumlaumu Mzee mpaka leo.

Mwanahawa akafuata. Alizima feni, akazima kompresa ya upepo, akatuamuru tufunge midomo. Kichwa kikashuka, yeye amefumba macho. "Zamani kabla ya kushuka ilikuwa inasema tak," akasema. "Ile ni breki, inayokishika kichwa kisidondoke, inaachia. Sasa haisemi. Mota inavuta na breki imeishika, kama mtu anayeendesha baiskeli huku amebana breki." Bila masikio yale tungeagiza mota mpya, nayo ingechemka vilevile.

Nakijwa akamalizia. Breki ile inataka volti ishirini na nne ili iachie. Mita yake ikaonyesha kumi na tano. Akaufuata waya sentimita kwa sentimita mpaka ndani ya kabati la umeme, na huko mkono wake ukasimama. Alikata kiungo kimoja, akapitisha waya mzima, akafunga. Tukawasha. Tak! Siku nzima mota haikuchemka. Bila kipimo chake tungeing'oa breki nzima isiyo na ubaya.

Nikapiga makofi. "Haya, nani anachukua mashine?" Nilitegemea wagombane. Wapi! Wote watatu walikuwa wanatazama chini.

"Kile kiungo nilikifunga mimi," Nakijwa akasema. "Panya walipokata waya mwaka jana, niliunga kwa waya mwembamba niliokuwa nao mfukoni, nao umeoza polepole. Nikasema Jumatatu nitabadilisha. Mimi, ninayepima kila kitu, kile sikukipima."

Mwanahawa akaanza kulia. "Mie nilijua ile tak haisikiki tena wiki tatu kabla ya siku ile. Mzee aliwahi kunifukuza kwenye mashine yake mbele za watu, nikasema moyoni, shauri yake."

Mbaruku akanitazama usoni. "Mama, ulipouliza kama kuna mwenye neno, nilikuwa nalo. Niliigusa wiki ile ile, haijaanza kazi, ikaniunguza. Nilinyamaza kwa sababu niliitaka ile mashine. Niliitaka sana."

Na mimi je? Mimi niliambiwa mara mbili, tena kwa adabu.

Nikampigia Mzee Hoza simu. Nikamweleza mota imepona na kosa halikuwa lake, na kwamba tunakuja wote wanne kumwomba radhi.

"Msije wanne," akasema. "Mkija wanne mtakuja na mchele na sukari, mtasema 'tunasikitika', mtaondoka hakuna aliyesema 'mimi'. Aje mmoja, aniletee ovaroli yangu, aniambie alichonifanyia yeye. Nikiuona ukweli nitarudi kazini. Lakini mlango nafungua mara moja tu. Keshokutwa nahamia kwa binti yangu Handeni."

Ndugu zangu, hiyo ilikuwa jana, na usiku hatukulala. Nakijwa anasema aende yeye, kwani waya ni wake. Mwanahawa anasema la, waya ulikuwa bahati mbaya, lakini yeye alinyamaza kwa kinyongo, na kinyongo ndicho kinachotaka kuombewa radhi. Mbaruku anasema yeye alimwona mzee anavuliwa heshima, na yeye neno analo mdomoni, akalimeza. Ile zawadi hakuna anayeitaka; wanachogombania sasa ni mlango wa Mzee Hoza.

Namsikia mtu huko nyuma ananitaja mimi. Taja kwa sauti, usiogope! Hata mimi nilisema niende. Mbaruku akanizuia. "Mama, wewe ni tajiri wake, ndiye unayemlipa. Ukienda wewe, atarudi kwa kuwa ameitwa kazini, wala hatutajua kama ametusamehe." Ni neno la maana. Lakini nitawaambia kitu ambacho wao sijawaambia: aliponizuia, nilishukuru moyoni. Nilishusha pumzi kabisa, na tangu jana naona aibu kujitazama kwenye kioo.

Ovaroli hii hapa, kwenye mfuko. Nimeifua mara mbili, doa la grisi begani halijatoka. Kesho asubuhi lazima iwe mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo abishe hodi.

Aliyeunga waya? Aliyesikia akaweka kinyongo? Aliyejua akatamani? Au aliyeambiwa mara mbili, akaja kumtukana mzee mbele za watu?

Mliniahidi. Je, ungekuwa wewe, mfuko huu ungemkabidhi nani?